Rangi Imekauka, Lakini Bawa Lisibebwe

Zulia lilikuwa jipya, la manyoya mafupi, limekatwa vipande na kupigiliwa juu ya viunzi viwili vya mbao ili bawa lisikwaruzike. Rangi ilikuwa imepulizwa jana yake. Asubuhi mwenye bawa aliigusa kwa ncha ya kidole, akaona kavu. Akaita jirani, wakalibeba wawili kutoka upande mmoja wa gereji hadi wa pili, wakalilaza taratibu juu ya zulia. Jioni walipolinyanyua, kila fundo la zulia lilikuwa limejichora kwenye rangi, safu kwa safu, kama shavu la mtoto aliyelalia mkeka.

Kisa hiki kina wenyewe wengi huko Marekani, ambako sheria inamruhusu mtu kujiundia ndege nyumbani, ilimradi sehemu kubwa ya kazi aifanye kwa mikono yake. Kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, huwauzia watu hawa mabati ya aluminiamu na ribiti za kuyaunganishia, na ndege zaidi ya 10,000 zimekwisha ruka kwa njia hiyo. Bawa la ndege yake ya watu wawili lina urefu wa zaidi ya mita 3. Uzito si tatizo. Tatizo ni kwamba ni pana, na popote utakapolishika utakuwa umeshika rangi.

Sasa, kukauka ni jambo moja na kukomaa ni jingine. Mafundi wa ujenzi wanalijua hili kwenye zege: kesho yake unalikanyaga bila kuacha unyayo, lakini hakuna anayelipandishia ghorofa. Linamwagiliwa maji siku kadhaa, na nguvu zake hupimwa siku ya 28. Rangi ya ndege nayo iko hivyo. Ni rangi ya makopo mawili, rangi yenyewe na hadina ya kuikomaza, ambayo huchanganywa muda mfupi kabla ya kupulizwa. Kwanza tina iliyoiyeyusha rangi huruka hewani, na hapo ndipo kidole hudanganyika, maana juu pameshika. Chini yake kemikali za makopo yale mawili ndiyo kwanza zinaanza kufungana, uzi kwa uzi, kama wavu unaosukwa. Kwa rangi nyingi za aina hii, wavu huo humalizika baada ya siku 7 hivi kwenye joto la nyuzi 25.

Angalia hapo penye nyuzi 25. Gereji ya jimbo la Wisconsin mwezi wa Machi haina joto hilo. Joto likishuka chini ya nyuzi 10, kazi ya hadina hukaribia kusimama kabisa, na siku zinazohesabiwa ukutani hazina maana. Jua kali nalo lina hila yake: hukausha ngozi ya juu haraka mno, na tina iliyonaswa chini ikitafuta njia ya kutokea huacha vitundu kama vya sindano.

Pua ni kipimo kizuri kuliko kidole. Bawa likiwa bado linanukia tina, liache. Wengine hubonyeza ukucha mahali pasipoonekana, mathalani kwenye ukingo utakaofichwa na kiwiliwili cha ndege. Lakini usiweke pua karibu na bawa wakati wa kupuliza, wala saa chache baadaye. Hadina ya rangi hizi ina isosayaneti, inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na ndiyo maana wapuliziaji makini huvaa barakoa yenye mpira wa kuleta hewa safi kutoka nje.

Nisieleweke kwamba kila kitu kinangoja. Tepu ya karatasi hubanduliwa mapema, rangi ikiwa bado laini, la sivyo ukingo humeguka. Mkono wa pili wa rangi nao una saa zake. Ukichelewa, praima, yaani rangi ya msingi, inakuwa imegoma kushikana na kinachofuata, na inabidi urudi kwenye msasa. Kinachongoja ni kubeba, kufunga na kuegemeza. Na kufunga ndiko kubaya zaidi. Nailoni yenye vipovu vya hewa, ambayo kila mtu hudhani ni mlinzi, ikizungushiwa rangi changa huacha miduara isiyotoka hata kwa kung'arishwa.

Haraka yenyewe hutoka wapi? Mara nyingi ni kalenda. Kila mwisho wa Julai maelfu ya ndege hutua Oshkosh, Wisconsin, kwenye maonyesho ya EAA, chama cha waundaji ndege kilichoasisiwa na Paul Poberezny mwaka 1953. Mtu aliyetumia miaka sita akipiga ribiti hataki kukosa Julai hii kwa sababu ya wiki moja ya rangi. Namwelewa. Lakini miaka sita hiyo ndiyo itakayotazamwa kwa karibu, chini ya jua, na watu wanaojua alama ya zulia inafananaje.

Viwanda vikubwa vya ndege havina anasa ya kukosea hapa. Usukani wa mkia hupakwa rangi kabla ya kufungwa kwenye ndege, kwa kuwa uzito wa rangi hubadilisha mizani yake, na usukani usio na mizani unaweza kupapatika kwenye mwendo mkali hadi ukavunjika. Ndiyo sababu katika picha za kiwandani utaona kiwiliwili bado kina kijani cha praima ilhali mkia umekwisha valia nembo ya shirika. Mkia huo ulipakwa peke yake, ukaachwa ukomae, ndipo winchi ikauinua.

Kwa hiyo, ewe mwenye bawa gereji: ukipuliza mkono wa mwisho Jumamosi, usiwaite majirani kabla ya Jumamosi inayofuata. Na kama kuna baridi, ongeza wiki, kisha uiulize pua.