Moshi Hutangulia Moto

Akina mama tukiulizwa moto wa nyumba unauaje, wengi tutajibu kwamba unaunguza. Sisi tulio wauguzi tunajua kuwa wengi huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Wengine huletwa hospitalini hawana hata lengelenge mwilini.

Moshi huo umebeba kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu hupumua lakini mwili unakosa hewa. Godoro la sponji na makochi yakiungua hutoa pia sumu ya sayanidi. Wala tusitegemee kuamshwa na harufu. Pua ya aliyelala haimwamshi kirahisi, na moshi humzidishia usingizi.

Sasa tuzitazame nyumba zetu. Kwa kuogopa wezi tumetia nondo madirishani na kufuli mlangoni, na ufunguo uko chini ya mto wa baba. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wavulana 67 walikufa bweni lao lilipochomwa usiku. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Je, chumba cha watoto wako kina tofauti gani na bweni lile?

Ufunguo utundikwe kila usiku kwenye msumari uleule karibu na mlango, mahali ambapo mtoto anafika lakini mkono wa mwizi kupitia dirishani haufiki. Tena, fundi anayetengeneza mageti anaweza kukata nondo za dirisha moja la chumba cha kulala, akazitia bawaba na komeo la ndani. Mama anayeweka akiba ya makochi mapya na aanze na dirisha hilo.

Milango ya vyumba ifungwe wakati wa kulala, bila kutiwa ufunguo, kwani huchelewesha moshi. Lakini katika nyumba nyingi za kupanga kuta hazifiki kwenye bati, na moshi wa jirani hupita juu hadi kitandani kwako. Huko, ukisikia kelele za moto, mbebe mtoto utoke. Usitafute viatu wala televisheni.

Moshi hupanda juu, na hewa nafuu hubaki karibu na sakafu. Kwa hiyo tutambae. Jumamosi moja mchana tuwafunge watoto macho kwa kanga, watambae kutoka kitandani hadi mlangoni wakipapasa ukuta. Wataucheka sana mchezo huo, nao watajifunza. Tuwakanye pia wasijifiche uvunguni, maana ndiko watoto wengi hukimbilia.

Kitambaa chenye maji puani huzuia masizi kiasi, lakini hakizuii kaboni monoksaidi, basi tusipoteze muda kutafuta maji. Mlango ukiwa wa moto unapougusa kwa mgongo wa mkono, usiufungue. Ziba upenyo wa chini kwa shuka, kisha uite watu dirishani. Mkishatoka, hesabuni watoto na kupiga simu Zimamoto, namba 114 kwa Tanzania. Asirudi mtu ndani.

Halafu kuna habari ya maziwa. Majirani wema hukimbilia kumnywesha aliyevuta moshi. Maziwa huenda tumboni, na sumu iko kwenye damu. Aliyelegea anaweza hata kupaliwa. Anachohitaji ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya kaboni monoksaidi huchukua saa 4 hadi 5 kutoka mwilini. Kwa oksijeni tupu ni kama saa moja na nusu.

Mwenye masizi puani, sauti iliyokwaruza, kichwa kinachouma au usingizi usio wa kawaida apelekwe hospitali hata kama hakuungua, kwa sababu koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba ametoka kwenye moshi, kwani kile kipimo kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya kutosha wakati damu imejaa sumu.