Mashine za enzi za bibi zinapofua tena

Msafiri anayekwenda kukaa kwa ndugu yake siku mbili tatu huchukua nguo safi. Wapo watu nchini Marekani ambao, ikifika siku ya kukutana kwao, hufanya kinyume. Hukusanya mashuka, taulo na suruali chafu za wiki nzima, wakazipakia garini na kusafiri nazo mwendo mrefu hadi nyumbani kwa mwenzao. Si kwamba kwao hakuna mashine ya kufulia. Kila mmoja anayo, na wengine wanazo ishirini na zaidi.

Hao ni wakusanyaji wa mashine kongwe za kufulia nguo na za kuoshea vyombo. Wanao umoja wao, na wenzao wapo hata Uingereza. Mwenyeji wa mkutano huwapeleka wageni katika chumba cha chini ya nyumba au banda la uani, ambako mashine za miaka ya 1930 hadi ya 1970 zimepangwa safu kwa safu, kila moja imeungwa na bomba la maji, mpira wa kutolea maji machafu na umeme. Nguo huingizwa, sabuni hutiwa, swichi huzungushwa. Kisha watu wazima, wengi wao wanaume, huvuta viti wakakaa kutazama nguo zikifuliwa. Upande mwingine, sahani zilizoliwa chakula cha mchana hupangwa katika mashine ya kuoshea vyombo yenye umri wa miaka sitini au sabini, nayo hutazamwa vivyo hivyo.

Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza hucheka, na hana kosa. Lakini, ndugu msomaji, mashine zile zimebeba historia ya kazi ambayo katika nyumba nyingi za kwetu bado inafanywa kwa mikono mitupu, tena kwa kawaida na mikono ya mtu mmoja. Kwa hiyo inafaa tuwasogelee wakusanyaji hawa na kutazama wanachokitazama.

Siku ya Jumatatu

Kabla ya mashine hizo, siku ya kufua katika nyumba za Marekani ilikuwa Jumatatu, na Jumanne ilikuwa ya kupiga pasi. Mwanahistoria Susan Strasser, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu kazi za nyumbani, ameeleza kwamba kufua mkupuo mmoja tu, yaani kufua, kuchemsha na kusuuza, kulihitaji takriban lita 190 za maji. Uzito wake ni karibu kilo 190. Maji hayo yalichotwa kisimani au mtoni, yakabebwa, yakapashwa moto kwa kuni, yakamiminwa katika karai, kisha yakabebwa tena kwenda kumwagwa. Katikati ya hayo kulikuwa na kusugua nguo juu ya ubao wenye mifereji, kuzikamua na kuzianika. Mama au dada yeyote aliyefua mashuka ya familia nzima uani hahitaji kuelezwa zaidi.

Waliokuwa na uwezo waliikwepa kazi hiyo kwa kumlipa mtu mwingine. Kusini mwa Marekani, mtu huyo kwa kawaida alikuwa mwanamke mweusi aliyetoka utumwani au aliyezaliwa na watumwa. Mwezi Julai 1881, katika mji wa Atlanta, wafuaji wapatao ishirini waliunda chama chao na kudai dola moja kwa kila ratili kumi na mbili za nguo. Katika muda wa wiki tatu hivi waliojiunga na mgomo walifika elfu tatu. Walikamatwa na kutozwa faini, na baraza la mji likawatisha kwa ada kubwa ya leseni, lakini hawakurudi nyuma kwa urahisi. Mji mzima ukatambua ghafla kwamba usafi wake ulitoka mikononi mwa watu usiowajali. Nasi katika miji ya pwani tunamjua dobi, ambaye hata jina lake limevuka bahari kutoka Bara Hindi.

Mashine zenyewe

Katika mikusanyiko hii, mashine inayoonekana mara nyingi ni ile ya kukamulia kwa roli. Ni pipa lenye miguu, ndani yake kuna kikorogeo kinachozungusha nguo huku na huku, na juu yake zimesimama roli mbili za mpira. Nguo hupitishwa katikati ya roli, maji yakakamuka na kurudi pipani. Kampuni ya Maytag, ya mji wa Newton katika jimbo la Iowa, ilianza kutengeneza pipa la alumini mwaka 1919, na mwaka 1922 ikaleta kikorogeo kilichowekwa chini ya pipa. Mashine za namna hiyo ilizitengeneza hadi mwaka 1983. Kwa ajili ya mashamba yasiyo na umeme kulikuwa na zile za injini ya petroli. Mama aliiwasha injini kwa kukanyaga kwa mguu, na bomba la moshi akalitoa nje kupitia dirishani au mlangoni. Katikati ya miaka ya 1930 ni kama shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani lililokuwa na umeme, kwa hiyo injini hiyo haikuwa anasa.

Roli hizo zilikuwa na hatari yake. Vidole, nywele, na hata mkono mzima wa mtoto vilivutwa pamoja na nguo, na majeraha hayo yalikuwa mengi kiasi cha madaktari kuyapa jina lake maalumu. Ndiyo maana wakusanyaji wanapoiendesha mashine ya roli huwaweka watoto mbali, na mkono mmoja hukaa karibu na kitasa cha kuziachanisha roli.

Mwaka 1937 kampuni ya Bendix ilitoa mashine ya nyumbani iliyojaza maji, ikafua, ikasuuza na kukamua yenyewe, bila mtu kuigusa katikati. Mbele ilikuwa na dirisha la kioo la duara. Lakini zile za mwanzo zilitikisika mno wakati wa kukamua, hata ikabidi zifungwe kwa boliti sakafuni. Miaka kumi baadaye, Frigidaire, iliyokuwa chini ya General Motors, ilileta kikorogeo kinachopanda na kushuka badala ya kuzunguka huku na huku. Mashine hiyo hurusha maji kwa nguvu na kukamua kwa kasi kubwa, na hadi leo ikiwashwa katika mkutano, watu huacha mazungumzo yao wakaisogelea.

Kuziendesha hakufanywi kwa ajili ya kutazama tu. Mashine iliyowekwa ghalani hufa taratibu. Mipira ya kuzuia maji hukauka na kupasuka, grisi hugeuka kuwa kama gundi, na pampu hukwama. Wakusanyaji hubadilishana vipuri, mikanda na vitabu vya ufundi, na mwenye ujuzi wa mashine fulani humfundisha asiyejua. Kwa njia hiyo, elimu ya mafundi waliokwisha kufariki hubaki hai.

Aliyewatangulia wengi kwa wingi wa mashine ni Lee Maxwell, profesa mstaafu wa uhandisi wa umeme, wa mji wa Eaton katika jimbo la Colorado. Alianza katika miaka ya 1980 kwa kununua mashine moja kuukuu ya Maytag mnadani. Hatimaye alikusanya zaidi ya elfu moja, akazijengea makumbusho, na kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness.

Bibi wa Shelbyville

Mashine ya kuoshea vyombo ina habari yake. Josephine Cochran alikuwa mwanamke mwenye nafasi katika mji mdogo wa Shelbyville, jimbo la Illinois. Watumishi wake walikuwa wakivunja ncha za sahani zake za thamani, akaona ni bora atengeneze chombo cha kuziosha. Mwaka 1883 mumewe alifariki na kumwachia madeni. Wazo lililoanza kama jambo la kulinda sahani likawa njia ya kujikimu.

Alizipima sahani na vikombe, akatengeneza vitundu vya waya vya kuvishikilia, akavipanga juu ya gurudumu ndani ya birika la shaba, na maji ya moto yenye sabuni yakarushwa juu yake. Wengine waliomtangulia walitumia brashi. Yeye alitegemea nguvu ya maji, na mashine za leo zinafuata njia hiyo hiyo. Fundi mmoja, George Butters, alimsaidia kuijenga. Hataza alipewa tarehe 28 Desemba 1886, na mwaka 1893 mashine zake zilitumika na kupewa tuzo katika maonesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago.

Wanunuzi wake hawakuwa akina mama wa nyumbani. Walikuwa hoteli, ikianza na Palmer House ya Chicago. Nyumba nyingi za wakati ule hazikuwa na maji ya moto ya kutosha kuilisha mashine hiyo. Cochran alifariki mwaka 1913. Kampuni yake ikaja kuwa sehemu ya Hobart, na mwaka 1949 ndipo mashine ya nyumbani ya kuoshea vyombo ilipotoka kwa jina la KitchenAid. Mashine za ukoo huo ni miongoni mwa zile ambazo wakusanyaji wa leo huzipigania.

Muda uliookolewa ulikwenda wapi?

Hayati Profesa Hans Rosling wa Sweden, katika hotuba yake maarufu ya mwaka 2010, alisimulia siku mashine ya kwanza ya kufulia ilipoingia nyumbani kwao. Bibi yake, aliyefua kwa mikono nguo za watoto saba maisha yake yote, aliomba aibonyeze swichi yeye mwenyewe. Kisha akavuta kiti, akaitazama mashine hadi ilipomaliza. Mama yake Rosling akatumia muda uliopatikana kumpeleka mwanawe maktaba. Rosling alikumbusha pia kwamba wanawake wengi duniani bado wanafua kwa mikono.

Lakini mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alionesha upande mwingine. Mashine ilipunguza jasho, lakini saa za kazi za mama hazikupungua kwa kiasi kilichotarajiwa. Kufua kulipokuwa rahisi, watu walizidi kubadili nguo. Dobi aliachishwa kazi, na nguo zake zikarudi nyumbani. Mume na watoto, ambao zamani walipasua kuni na kubeba maji ya siku ya kufua, wakawa hawana sehemu tena. Kazi iliyokuwa ya wengi ikabaki ya mama peke yake, pamoja na mashine.

Hapa ndipo mikusanyiko ile inapotufundisha bila kukusudia. Katika chumba kile, wanaume hutenganisha nguo nyeupe na za rangi, hupima sabuni, hukamua, huanika na kukunja. Wengi wao husema walianza kuipenda kazi hii utotoni, wakiwa wamesimama kando ya mashine ya mama.

Kwa nyumba zetu

Hatuhitaji kusafiri hadi Marekani ili kunufaika na habari hii. La kwanza ni maji. Mashine nyingi za zamani zenye mlango wa juu hutumia takriban lita 150 kwa mkupuo mmoja, kiasi ambacho leo tungekihesabu kuwa israfu. Hata hivyo, akina mama wa enzi zile walikuwa na akili yao. Katika mashine ya roli, maji yale yale ya sabuni yalifua nguo nyeupe kwanza, kisha za rangi, mwisho za kazini, na baadhi ya mashine zilizofuata ziliweza kuyahifadhi maji ya sabuni kwa mkupuo wa pili. Nasi hufanya hivyo katika beseni, ila nguo yenye najisi hutengwa kwanza na kutoharishwa.

La pili ni kutunza. Mashine ya mwaka 1950 inafua leo kwa sababu ilifunguka kwa bisibisi, na kwa sababu alikuwapo mtu aliyeona ni aibu kuitupa kwa ubovu wa mkanda mmoja. Anayenunua mashine, mpya au ya mitumba, na aulize kabla ya kulipa: vipuri vyake vinapatikana? Fundi wake yupo?

La tatu ndilo zito zaidi. Nyumba iliyopata mashine, na nyumba inayofua kwa beseni, zote zina swali moja: mzigo huu umegawanywaje? Bibi Aisha, Allah amridhie, alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, jibu lake lilikuwa kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake. Habari hiyo tunaisikia mara nyingi misikitini. Jumamosi asubuhi, mashuka yakiwa yamelowekwa uani, baba na vijana wa kiume wanaweza kuanza kwa kuchota maji.