Betri ya Pikipiki Isichajiwe Tukiwa Tumelala

Pikipiki za umeme sasa zinapita katika barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kigali. Hazitoi moshi, na dereva hanunui petroli. Lakini wapo wanaoingiza betri ndani usiku, wakaichaji karibu na mlango, kisha jamaa yote ikalala. Tabia hii ni ya hatari.

Kwa nini huwaka?

Betri ya lithiamu ina seli nyingi ndogo, na ndani yake mna majimaji yanayoshika moto upesi. Seli moja ikiharibika kwa kuangushwa, kuingia maji au kuchajiwa kwa chaja isiyo yake, huweza kupata joto yenyewe. Joto hilo huichoma seli ya jirani, na kwa muda mfupi betri nzima huwaka. Moshi wake una sumu inayounguza mapafu. Katika jiji la New York, Marekani, moto wa betri za lithiamu, hasa za baiskeli na skuta za umeme, uliua watu 18 mwaka 2023.

Tujikinge hivi:

1. Tuchaji mchana, au kabla ya kulala, mtu akiwa macho.
2. Betri isiwekwe mlangoni, kitandani wala karibu na jiko. Ikiwaka mlangoni, tutatokea wapi?
3. Tutumie chaja yake tu. Betri isifunguliwe na fundi wa mtaani.
4. Ikivimba, ikivuja, ikitoa harufu au joto lisilo la kawaida, tuache kuitumia na kuiweka nje, mbali na nyumba.

Ikiwaka, tusijaribu kuiokoa. Tuwatoe watoto na wazee kwanza, tufunge mlango, tuite zimamoto. Hata ikizimika, isirudishwe ndani, kwani huweza kuwaka tena baada ya saa nyingi.

Aliyeungua, tumwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Tusipake dawa ya meno, siagi wala unga. Aliyevuta moshi apelekwe hospitali, hata akisema hajambo.

Tunajua aliyepanga chumba kimoja huogopa wezi, na betri ni ghali. Basi wapangaji wakubaliane na mwenye nyumba kuweka mahali pa kuchajia uani, penye paa na kufuli. Betri ikiungua hununuliwa nyingine, mtoto hanunuliwi.