Kabla ya Kununua Miche, Kagua Visiki

Kila mwaka mvua zinapokaribia, wakulima wengi wa Dodoma husafisha mashamba kwa panga na jembe. Vichaka vifupi vinavyofika magotini hufyekwa pamoja na majani makavu, vikarundikwa na kuchomwa moto. Machoni pa mwenye shamba hayo ni magugu. Kumbe vingi kati ya vichaka hivyo vimeota juu ya mizizi ya miti iliyokatwa zamani, mizizi ambayo bado i hai na ambayo kila msimu inajaribu tena kuurudisha mti.

Anayetaka kurudisha miti ya asili kwenye shamba lake aanzie hapo. Mche wa kitalu hutoka kwenye kiriba ukiwa na mizizi mifupi, nao una miezi michache tu ya kuizamisha ardhini kabla kiangazi hakijaubana. Chipukizi la kisiki limekwisha kuvuka kikwazo hicho. Linanyonya maji kwa mizizi iliyokomaa na kutumia akiba ya chakula iliyohifadhiwa humo, ndiyo maana hurefuka haraka.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Mkulima huchagua kisiki, akabakiza machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine akayakata. Kisha hupogolea vitawi vya chini ili nguvu ipande juu, na kufunga kitambaa cha rangi ili mlimaji na mchungaji wajue kwamba mti huo una mwenyewe. Baada ya hapo ni ulinzi dhidi ya mifugo na moto. Mkoani Dodoma mbinu hii huitwa kisiki hai, na LEAD Foundation ni miongoni mwa mashirika yanayoieneza. Nchini Niger, ambako mtaalamu wa kilimo Tony Rinaudo kutoka Australia alianza kuihimiza miaka ya 1980, wakulima wamerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5.

Tanzania ina ushahidi wake pia. Mkoa wa Shinyanga ulipoteza miti mingi tangu enzi za ukoloni, misitu ilipofyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba, mifugo na kuni vikamaliza sehemu kubwa ya iliyobaki. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi zilielekezwa kwenye vitalu, lakini mafanikio makubwa yaliletwa na ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Eneo likifungwa, visiki huchipua na mbegu zilizolala ardhini huamka. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Hata hivyo, yapo mashamba ambako trekta limeng'oa kila kisiki. Hapo hakuna budi kupanda, na ujuzi wa kila mti unahitajika. Mbegu zikusanywe kwenye miti mama kadhaa ya eneo hilohilo, kwa sababu miche ya mzazi mmoja ikipatwa na ugonjwa huweza kuteketea yote pamoja. Mbegu za migunga mingi zina ganda gumu; humwagiwa maji ya moto na kulowekwa usiku kucha ili maji yapenye. Kwa shamba la mazao, mgunga aina ya Faidherbia albida unafaa kuliko mingi: hupukutisha majani wakati wa mvua, kwa hiyo hauyanyimi mtama na mahindi mwanga, na majani yake hurutubisha udongo.

Mninga unadai subira. Tunda lake ni duara lenye bawa jembamba kama karatasi, na katikati kuna kifuko kilichojaa miiba kinachoficha mbegu. Mche ukishaota, shina lake hukauka kiangazi, likachipua mvua zikirudi, likakauka tena, na hali hiyo huweza kuendelea kwa miaka kadhaa. Wakati huo wote mzizi mkuu unanenepa chini, hadi uwe na akiba ya kusimamisha shina la kudumu. Anayeng'oa mche kwa kudhani umekufa anaua mti uliokuwa ukijiandaa.

Mtundu na myombo nayo huishi kwa ushirika na kuvu wanaofunika ncha za mizizi. Kuvu huuletea mti maji na fosforasi, mti huwalipa kwa sukari. Baadhi ya uyoga unaookotwa chini ya miombo ni matunda ya ushirika huo. Basi udongo kidogo wa chini ya miti hiyo uchanganywe kwenye viriba, ili mche uondoke kitaluni ukiwa na wenzake.

Kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na taarifa nyingi huishia kwenye idadi ya miche iliyogawiwa. Tuhesabu miti iliyo hai baada ya viangazi vitatu, na tuhesabu visiki vilivyolindwa sawa na miche iliyopandwa. Mkulima aliyeacha visiki mia vichipue amefanya kazi ya upandaji miti, naye anastahili mbegu, mafunzo na sheria ndogo za kijiji zinazozuia mifugo na moto kuingia shambani mwake.