Wino mwekundu si wa makosa tu

Hapa Likasi, toka Kikula mpaka Panda, mtoto akifungua kaye mbele ya mzazi na ukurasa umejaa wino mwekundu, anajua maneno yanakuja. Sisi walimu tumezoea biki nyekundu iwe ya makosa. Ndiyo sababu watoto wengine wanaficha kaye, na mama anapata habari siku ya biletini, wakati mwaka umekwisha kuharibika.

Wachina, ambao tunawaona kila siku kwenye viwanda vya shaba vya mji wetu, wana desturi nyingine. Kwao kuandika kwa brashi na wino mweusi ni sanaa kubwa, na rangi nyekundu ina kazi tatu ndani yake.

Ya kwanza ni kufundisha. Mtoto anayeanza anapewa karatasi yenye maandishi yaliyochapwa kwa rangi nyekundu. Anapitisha brashi yenye wino mweusi juu yake mpaka mkono uzoee.

Ya pili ni kusifu. Mwalimu anaposahihisha, anazungushia duara jekundu neno lililoandikwa vizuri. Basi mtoto anautafuta wino mwekundu, haukimbii.

Ya tatu ni muhuri. Mwandishi akimaliza kazi yake, anapiga muhuri mwekundu wenye jina lake, ambao mara nyingi umechongwa katika jiwe. Ndiyo kusema: kazi hii ni yangu. Wanaoipata karatasi baadaye wanaweza kuongeza mihuri yao. Mfalme Qianlong, aliyetawala tangu 1735 mpaka 1796, alipiga mihuri mingi sana juu ya kazi za watu wa kale. Mwaka 2009 UNESCO iliingiza uchongaji huo wa mihuri katika urithi wa dunia usioshikika.

Hatusemi makosa yaachwe. Mtoto lazima ajue alipokosea. Lakini akijua pia alipofanya vizuri, anapata mfano wa kufuata, tena wa mkono wake mwenyewe.

Basi jioni ya leo tumpe mtoto karatasi ya pembeni, si kaye ya masomo, aandike mistari mitatu. Kisha tumwulize: neno gani umeliandika vizuri kupita mengine? Tulizungushie duara jekundu. Hata mama asiyejua kusoma anaweza: mtoto atamwonyesha kwa kidole, na mama atachora duara.