Swali la Mzazi, Kipimo cha Maabara

Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, ambao leo uko mkoani Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Muda si muda mashimo yakachimbwa nyuani na hata ndani ya nyumba, na vumbi la madini likatua pale pale watoto wanapocheza na chakula kinapopakuliwa. Tangu hapo wazazi wa Lualaba wanauliza swali ambalo bado halijajibiwa lote: vumbi hili linatufanya nini, na mtoto anapozaliwa na kasoro ya maumbile, je, mgodi umehusika?

Mwili wa binadamu unahitaji kobalti kidogo sana, kwa kuwa ni sehemu ya vitamini B12. Ikizidi, ni sumu. Katika miaka ya 1960, viwanda vya bia huko Quebec, Kanada, vilitia chumvi ya kobalti ili povu lidumu. Wanywaji wakubwa wakaanza kuugua misuli ya moyo, na baadhi yao wakafa. Kobalti ilipoondolewa, wagonjwa wapya wakakoma.

Katika Katanga, mkoa wa zamani uliojumuisha Lualaba na Lubumbashi, kazi ya kupima ilifanywa na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, na wenzao. Utafiti wao wa mwaka 2009 ulipima mkojo wa watu 351. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya Kasulo yenyewe, kutoka kwa wakazi 72, wakiwemo watoto 32. Watoto wa mtaa huo walikuwa na kobalti katika mkojo takriban mara kumi ya watoto wa mahali pengine, na dalili za uharibifu katika chembe zao za urithi zilionekana.

Kipimo cha mkojo kinathibitisha kwamba kobalti imeingia mwilini. Hakithibitishi kwamba ndiyo iliyoleta ugonjwa fulani. Ili kulifikia swali la wazazi, ilibidi watafiti waende wodi za uzazi.

Walikwenda Lubumbashi. Kati ya mwaka 2013 na 2015 walilinganisha watoto wachanga 138 wenye kasoro zinazoonekana kwa macho na wengine 108 wasio nazo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Planetary Health. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko yote lilikuwa kazi ya baba: uwezekano wa mtoto kuwa na kasoro ulikuwa mara 5.5 zaidi pale baba alipofanya kazi inayohusiana na madini. Lakini watoto waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo hesabu inaruhusu ukweli uwe popote kati ya mara 1.2 na mara 25. Isitoshe, madini yaliyopimwa katika damu na mkojo wa akina mama kwa jumla hayakutofautisha kundi moja na jingine. Tofauti ilionekana kwa manganizi na zinki katika damu ya kitovu.

Kwa hiyo uhusiano umeonekana, ila njia unayopitia haijafahamika. Huenda baba anabeba vumbi nyumbani katika nguo zake. Huenda madhara yanaanzia katika mbegu zake. Kasoro za kuzaliwa zina visababishi vingine pia, kama vile upungufu wa asidi foliki, kaswende na urithi, na kila kimoja lazima kitenganishwe na kingine kabla mtafiti hajatamka neno.

Wagonjwa wa nchi nyingine, wenye ugonjwa tofauti, wanaijua safari hii ya kutoka shaka hadi ushahidi. Mwaka 1895, mjini Dresden, Ujerumani, Heinrich Johne alieleza ugonjwa wa ng'ombe wa kuhara na kukonda unaoletwa na bakteria wa jamii ya kifua kikuu. Mwaka 1913 daktari wa upasuaji Thomas Dalziel wa Glasgow alieleza wagonjwa wake ambao matumbo yao yalifanana na ya ng'ombe hao. Ugonjwa wenyewe leo unaitwa Crohn. Mwaka 1984 Rodrick Chiodini na wenzake walitangaza kwamba wamewakuza bakteria hao kutoka katika matumbo ya wagonjwa wa Crohn. Wagonjwa wa Uingereza na Marekani wakaungana kudai utafiti, wakachangia hata fedha za chanjo. Kisha, mwaka 2007, jaribio la dawa za kuua bakteria hao lililofanywa Australia kwa wagonjwa 213 lilionyesha nafuu wiki za mwanzo, lakini haikudumu, na mjadala kama bakteria hao ndio wanaoleta Crohn haujafungwa hadi leo. Hata hivyo, viwanda vikubwa vya maziwa nchini Uingereza havikungoja ufungwe. Mwaka 1998 viliongeza muda wa kupasha maziwa moto, kutoka sekunde 15 hadi 25, ili kuua bakteria hao wa ng'ombe, kwa tahadhari tu.

Tahadhari hiyo ndiyo Lualaba inayoidai. Mwezi Machi 2024 mashirika ya RAID la Uingereza na AFREWATCH la Kongo yalitoa ripoti ya mahojiano na watu 144 katika vijiji 25 vilivyo karibu na migodi mikubwa ya Kolwezi na jirani zake. Asilimia 56 walisema uchafuzi wa maji unaathiri afya ya uzazi ya wanawake na wasichana: hedhi kuvurugika, maambukizi, mimba kuharibika. Ushuhuda wa namna hii haupimi kisababishi. Unaonyesha mahali ambapo kipimo kinapaswa kwenda kwanza.

Nasema wazi: si haki kumwambia mama wa Kasulo angoje uhakika ilhali hakuna anayeukusanya. Kila wodi ya uzazi ya Lualaba iandike kila mtoto anayezaliwa na kasoro, kazi ya wazazi wake na mahali wanapoishi, na daftari hilo lisomwe na watafiti wa Lubumbashi kila mwaka. Maji ya mito na visima yapimwe na matokeo yabandikwe kijijini. Mchimbaji, wa kampuni na wa shimo dogo, apate mahali pa kuoga na kubadili nguo kabla ya kurudi kwa familia yake. Hakuna hata moja kati ya haya litakalopotea bure, hata kama sayansi kesho itaiondolea kobalti lawama. Na ikiwa itathibitisha lawama hiyo, kuna watoto watakaokuwa wamezaliwa wazima kwa sababu hatukungoja.