Maneno Yanayoandamana Katika Kiingereza

Mtahiniwa anaandika: "I did many mistakes." Kila neno ni sahihi likiwa peke yake, lakini kwa Kiingereza tunasema "I made many mistakes." Kosa hili halitokani na uhaba wa msamiati. Linatokana na kutafsiri "kufanya" bila kuangalia neno linalolifuata.

Kila lugha ina maneno yaliyozoeana. Tazama kitenzi "piga". Tunapiga simu, tunapiga picha na tunapiga mswaki, wala hakuna anayeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili hawezi kukisia hayo. Hana budi kukariri kifungu kizima. Nawe unapoandika Kiingereza, uko katika nafasi ya mgeni huyo. Linganisha:

piga simu – make a call
piga picha – take a photograph
piga mswaki – brush your teeth
piga kura – cast a vote
fanya kosa – make a mistake
fanya mtihani – take an examination
fanya kazi ya nyumbani – do homework
kunywa dawa – take medicine
mvua kubwa – heavy rain

Zingatia kwamba "piga" imezaa vitenzi vinne, na "fanya" imezaa vitatu. Nomino ndiyo inayochagua kitenzi chake.

Namna ya kujifunza

1. Katika daftari lako usiandike "mistake: kosa". Andika kifungu chote: "make a mistake: kufanya kosa".
2. Tunga sentensi moja inayohusu maisha yako kwa kila kifungu.
3. Funika upande wa Kiingereza, ujijaribu. Rudia kesho yake, kisha baada ya wiki.
4. Usomapo kifungu cha ufahamu, pigia mstari nomino pamoja na kitenzi kilichoitangulia.

Ukiwa na shaka ndani ya chumba cha mtihani, usibuni. Badili sentensi utumie kifungu unachokijua.

Zoezi

Jaza kitenzi kinachofaa:

(a) ____ a decision (toa uamuzi)
(b) ____ a question (uliza swali)
(c) ____ attention (kuwa makini)
(d) ____ your best (jitahidi kadiri uwezavyo)

Majibu: (a) make (b) ask (c) pay (d) do. Ni (b) pekee inayolingana na Kiswahili neno kwa neno. Ukiwa umeandika "give" katika (a), rudia hatua ya kwanza.